Umakini wa Watu wa Ofisi ya Chini

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza leo, na hojaji imetoka kwenye mashine ikiwa bado ya moto. Kurasa mbili tu, baada ya mwaka mzima wa kubishana. Kila sentensi mtu anaitilia alama: kamwe, mara chache, mara nyingi, karibu kila wakati. "Huwa naingia chumbani nikasahau nilichofuata." "Huwa nasoma ukurasa mzima bila kujua nimesoma nini." Tunataka kujua kama mtu mzima anaweza kuueleza umakini wake mwenyewe kwa kutia alama tu, bila mashine wala daktari.

Profesa amenipa msimu huu mmoja. Nina kundi la walimu, la wauguzi, la madereva wa malori, na la nne nimelipata kwa hisani ya mdogo wangu, anayefanya kazi kwenye ofisi ya bima. Anaishi nami tangu apate kazi hiyo. Jina lake nyumbani ni Kasuku, na ukikaa naye dakika tano hutauliza kwa nini.

Jumatano, 6 Machi
Siku ya kwanza ofisini kwa Kasuku. Unashuka ngazi kutoka barabarani. Madirisha yako juu, karibu na dari, na unachokiona nje ni miguu ya wapita njia na matone yanayoruka lami. Wenyewe wanajiita watu wa ofisi ya chini. Wa ghorofani wanapokea wateja, hawa wanahakiki madai ya ajali na moto, siku nzima kichwa kwenye karatasi.

Kabla ya kujaza, ninakaa na mmojammoja anisomee sentensi kwa sauti na kuniambia ameelewa nini. Wa kwanza alikuwa Karani Mkuu, amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na amevaa sweta ambalo nadhani lina umri wangu.

"'Huwa nasahau mambo madogo,'" akasoma. Akavua miwani. "Mwanangu, unaniuliza kama huwa nasahau. Nitakumbukaje nilichosahau?"

Ofisi nzima ikacheka. Nikacheka nami, kisha nikaandika pembeni: ana hoja.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua. Viatu havijakauka tangu jana.

Jumatatu, 11 Machi
Umeme umekatika mchana kutwa. Kasuku anasema kwao jenereta ilikuwa inanyeshewa uani, ikazima mara mbili, basi Meneja wao ameagiza ihamishiwe kwenye ujia wa nyuma wenye paa. Sasa inanguruma nyuma ya ukuta wao. "Ukitaka kumwambia mtu jambo lazima upige kelele," alisema, naye akapiga kelele hapohapo jikoni ili nielewe.

Ijumaa, 15 Machi
Makundi yote manne yamejaza duru ya kwanza. Ofisi ya chini wamepata alama nzuri kuliko wote. Haishangazi: watu wanaotafuta uongo kwenye karatasi za wenzao lazima wawe macho.

Mtaalamu wetu wa takwimu, tunayemwita Desimali, hakupongeza. Hapongezi. Amesema, "Tusubiri duru ya pili," akarudi kwenye kompyuta yake. Watarudia kujaza baada ya wiki tatu; mtu asipobadilika, alama nazo zisibadilike. Huo ndio uthabiti wa kipimo.

Alhamisi, 21 Machi
Umeme haupo tena, siku hizi unakatika karibu kila siku. Kasuku amerudi na kichwa kinamuuma, akalala bila kula.

Jumapili, 24 Machi
Kasuku amefua, ameimba, amenisimulia habari za ofisi nzima tangu anaamka mpaka namfunga mdomo kwa kumtuma dukani. Mvua haijakatika hata kidogo.

Jumatano, 27 Machi
Nimekuta funguo za nyumba ndani ya friji, juu ya mayai. Nimemwuliza. Ameziangalia kwa muda mrefu mno, akasema, "Kumbe ziko hapa," kwa sauti ya mtu anayesoma maneno ya mwingine.

Nadhani amependa mtu. Nilikuwa hivyohivyo nilipokuwa na umri wake.

Jumanne, 2 Aprili
Kasuku hasemi. Naandika hivyo kwa sababu sijawahi kuandika hivyo. Anaingia, anatundika koti, anakaa. Namwuliza jambo, ananijibu swali la jana. Leo nikamwambia waziwazi kwamba kama amechoka kuishi nami aseme, asininunie ndani ya nyumba yangu. Akanitazama.

"Dada, kule kazini kuna mtu ananiita."

"Nani?"

"Sijui. Ananiita kwa nyuma. Nikigeuka nakuta ukuta."

"Basi usigeuke," nikasema, nikaenda kuosha vyombo.

Mama alipopiga simu nikamweleza. Mama hakusita: huyo mtoto ana mkono wa mtu. Nikamwambia, Mama, huyo mtoto ana uvivu.

Ijumaa, 5 Aprili
Duru ya pili. Walimu, wauguzi na madereva wamejaza. Nimepeleka na za ofisi ya chini, nimekuta taa zinawaka saa sita mchana kwa sababu ya wingu, jenereta inanguruma, madirisha yote yamefungwa mvua isiingie. Walijaza kimya. Safari hii hakuna aliyenitania. Karani Mkuu alishika kalamu juu ya karatasi, akawa kama amepigwa picha, kisha akaendelea.

Jumapili, 7 Aprili
Leo Kasuku ameimba tena. Aliniomba radhi kwa kuninunia, akasema hakumbuki kuninunia.

Jumatatu, 8 Aprili
Desimali ameniita nione. Makundi matatu yametulia, alama za sasa karibu zinalingana na za mwezi uliopita. Ofisi ya chini imeporomoka. Sio mmoja wala wawili, wote. Waliotia "kamwe" sasa wametia "karibu kila wakati."

"Wamejaza ovyo," akasema. "Tuwaondoe."

"Karani Mkuu hajazi kitu ovyo."

"Basi kipimo ni kibovu. Chagua."

Nikamwona mtu asiye na moyo, nikachukua karatasi zao nikaenda kuzipitia dirishani. Hapo ndipo nilipoona maandishi. Pale mwisho tumeacha nafasi ya maoni, na kwa kawaida watu huandika asante, au maswali ni mengi. Mtunza mafaili ameandika: Tafadhali mwambieni anayesimama nyuma yangu akae. Dada anayepokea madai kutoka ghorofani: Nasikia jina langu. Mwingine: Wako wangapi kwani? Na Karani Mkuu, kwa mwandiko wake wa kulala: Ni mpole, hanisumbui, ila ningependa kujua ni mgeni wa nani.

Nimemwonyesha Profesa. Amesema watu wa ofisi moja hutaniana, na mimi ndiye mlengwa wa utani. Huenda. Ameniruhusu niwahoji upya kabla hatujawaondoa.

Jumanne, 9 Aprili
Nimekaa ofisi ya chini tangu asubuhi nikiwahoji. Hawatanii. Kila mmoja anajibu taratibu, kwa adabu, huku akiangalia kidogo juu ya bega langu. Kichwa kinaniuma. Nilipokuwa na Karani Mkuu nilisogeza kiti ili mtu aliyekuwa nyuma yangu apite. Akasema, "Na wewe umemwona." Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Jumatano, 10 Aprili
Nimekaa ofisi ya chini tangu asubuhi nikiwahoji. Hawatanii. Kichwa kinaniuma. Nilisogeza kiti ili mtu aliyekuwa nyuma yangu apite. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Ijumaa, 12 Aprili
Jana sikutoka nyumbani, mafua. Leo nimefungua shajara nikakuta ya Jumatano ni yaleyale ya Jumanne. Sikumbuki kuyaandika mara ya pili. Sikumbuki Jumatano. Kwenye mkoba kuna karatasi za mahojiano za siku hiyo, mwandiko wangu, maswali yote yameulizwa kwa mpangilio mzuri, na sehemu ya majibu nimeandika majina yao tu, moja chini ya jingine, yakirudiwa mpaka mwisho wa ukurasa.

Sikumwambia Kasuku. Nimemtazama tu akila, kijiko kikikaribia kinywa na kusimama, nikaelewa kwamba kwa wiki kadhaa nimekuwa nikimgombeza mtu ambaye hayupo.

Jumatatu, 15 Aprili
Umeme umekatika tangu jana jioni na redio inasema nguzo zimeanguka, tuvumilie. Asubuhi nilimwambia Kasuku asiende kazini. Akasema akikosa tena watamwandikia barua, ameshakosea mafaili mengi. Nikamfungia vifungo vya koti kama mtoto. Akaniacha nimfungie.

Jumanne, 16 Aprili
Naandika haya nikiwa kwenye benchi la hospitali. Nataka niandike kwa utaratibu, kabla sijaanza kuyapanga yapendeze.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kuangusha miti. Mimi na Desimali tulikuwa chuoni, tunabishana tena kuhusu kuliondoa kundi. Simu ikaita, ni Kasuku. Nikaitika, nikasikia ngurumo ya jenereta peke yake, kwa muda, nikadhani ameibonyeza kwa bahati mbaya. Kisha akasema, kwa utulivu kabisa:

"Dada, wamekuja wote."

"Nani wamekuja?"

"Wa nyuma. Leo wamekaa."

"Kasuku, toka nje. Sasa hivi. Inuka utoke."

"Wamekalia miguu yangu," akasema. Simu haikukatika. Aliiweka tu mezani, maana niliendelea kuisikia ngurumo.

Sijui nilimwambia nini Desimali. Najua alishachukua ufunguo wa gari kabla sijamaliza. Njiani maji yalifika nusu ya magurudumu, naye akaendesha shingo mbele, akinipa simu yake nipige ghorofani kwa Meneja. Haikupokelewa.

Tuliposhuka ngazi, mlango ulikuwa mgumu kwa unyevu, tukausukuma kwa mabega. Ndani taa zinawaka. Wote wamo. Wamekaa kila mtu mezani pake, kama darasa linalosubiri mwalimu, mikono juu ya karatasi. Hakuna aliyegeuka. Tumebamiza mlango, tumelowa, tunahema, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso. Mtunza mafaili alikuwa anagonga muhuri kwenye meza tupu, polepole, anagonga, anainua, anagonga. Mashavu yao yalikuwa mekundu, yana afya. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, walivyopendeza.

Kasuku alikuwa kwenye kona ya nyuma, macho wazi. Nikamwita kwa jina lake halisi, lile la cheti. Midomo yake ikasogea. Nikamshika kwapani, akawa mzito kama gunia lililolowa, na hapo kichwa changu kikaanza kujaa sufi. Nikahisi watu wamesimama nyuma yangu, wengi, kwa adabu, wakingoja zamu. Nakiri kwamba nilitaka kukaa nao. Nilikiona kiti.

"Siwezi kusikia," Desimali akapiga kelele, "ngoja niizime hii kelele." Akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda ujiani. Ngurumo ikakoma. Kisha nikamsikia akisema neno ambalo sikujua kama analijua, akarudi anakimbia.

"Moshi. Bomba la moshi limeelekezwa kwenye tundu la hewa lao. Ukuta wote mweusi. Watoe. Usiseme, usivute pumzi nyingi, watoe."

Akavunja dirisha kwa kiti. Mvua ikaingia na hewa ikaingia. Yeye ambaye nilidhani anajali namba tu aliwabeba mgongoni mmojammoja mpaka barabarani, akawalaza juu ya lami mvuani, akarudi, akarudi tena. Wapita njia wakaanza kusaidia. Wa ghorofani wakashuka na miavuli, wakauliza kuna nini.

Karani Mkuu alikuwa ameegemeza kichwa juu ya mkono, miwani imekunjwa vizuri pembeni, kama mtu aliyejipa dakika tano za kupumzika. Desimali alimbeba wa mwisho. Alimbeba kwa uangalifu kuliko wengine, nami nikajua kwa nini.

Jumatano, 17 Aprili
Daktari amenieleza. Hewa ya sumu ya jenereta yenyewe haina harufu wala rangi. Harufu ya dizeli ilikuwepo, lakini walishaizoea tangu jenereta iko uani. Inachukua nafasi ya hewa safi kwenye damu, na kuifanya nyekundu zaidi, ndiyo maana mashavu yao yalipendeza. Ikija kidogo kidogo, siku baada ya siku, kichwa kinauma, akili inapotea, wengine huona watu na kusikia wakiitwa. Ukikaa nje siku mbili unapata nafuu, ukirudi inaanza upya.

"Jumapili anaimba," nikasema.

"Samahani?"

"Si kitu."

Kasuku amepewa hewa kwa barakoa. Analala.

Ijumaa, 19 Aprili
Wote wanaendelea vizuri isipokuwa Karani Mkuu, aliyezikwa leo. Moyo wake ulikuwa na matatizo tangu zamani. Mvua ilipungua kidogo wakati wa mazishi, ikarudi.

Jumatatu, 29 Aprili
Kasuku yuko nyumbani. Anaongea, lakini anapoteza maneno. Leo alitafuta neno "pasi" kwa kuchora na kidole hewani. Daktari anasema tusubiri. Mama amekuja kukaa nasi, na hajasema lolote kuhusu mkono wa mtu, wala mimi sijasema lolote kuhusu uvivu. Tunakunja nguo.

Alhamisi, 9 Mei
Manyunyu tu. Jengo limefungwa, polisi wamemhoji Meneja mara mbili. Kila mtu anasema jenereta ilihamishwa isilowe, na ni kweli, ilihamishwa isilowe.

Jumanne, 14 Mei
Kikao. Profesa anataka ofisi ya chini iwe moyo wa makala yetu. Anasema hakuna kipimo kilichowahi kuthibitishwa hivi: hojaji iliona watu wanazama kabla ya mtu yeyote kuona. Amesema kwa furaha ya kitaaluma, si ubaya.

Desimali alikuwa anaangalia mikono yake. "Hojaji iliona," akasema. "Mimi nilisema tuwaondoe. Hilo nalo liandikwe."

"Na kwamba mimi niliisoma wiki nzima nikitafuta kosa la maneno," nikasema.

Profesa akasema tutaliandika. Lakini majibu ni mali ya waliojaza. Lazima tuombe upya ruhusa ya kila mmoja, na kwa Karani Mkuu, ya mkewe.

Jumamosi, 25 Mei
Jua. Nimekwenda kwa mjane wa Karani Mkuu. Nyumba ndogo, safi sana, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia, akanikaribisha, akaniacha niseme yote bila kunikatiza: kipimo ni nini, hewa ile ilifanya nini, tunaomba nini.

"Kwa hiyo ilikuwa hewa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wiki zile za mwisho alikuwa akirudi ananitazama kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Asante kwa chakula. Asante kwa maji. Miaka yote hiyo hajawahi kunishukuru kwa maji. Nikajua amenichoka, amepata mwingine, anajificha nyuma ya adabu. Nikamnunia." Akanyoosha kitambaa cha meza. "Jioni moja akaniambia, leo nimekuja naye. Nikamwuliza, na nani? Akasema, huyu. Nikasema moyoni, sawa, mzee anataka mchezo, tucheze. Nikamtengea kiti huyo mtu wake. Akala akikitazama kiti kile, akakisogezea chumvi. Asubuhi yake akaenda kazini, ndiyo hiyo unayoijua."

Nje mtu alikuwa anaanua nguo.

"Alijibu nini kwenye hayo maswali?"

Nikamwambia zipo duru mbili. Akataka ile ya kwanza, ya kabla. "Ile nyingine alijibu huyo mgeni," akasema. "Nisomee za mume wangu."

Nikasoma. Sentensi moja moja, na alama aliyotia. Kwamba huwa hasahau miadi, mara nyingi. Kwamba huwa haanzi kazi mpya kabla ya kumaliza ya kwanza, karibu kila wakati. Alisikiliza amefumba macho, akitikisa kichwa kukubali, kama anayehakiki hesabu ya mtu anayemwamini.

"'Mtu anapoongea nami, huwa namsikia hadi mwisho,'" nikasoma. "Ametia karibu kila wakati."

Akafumbua macho.

"Hapo amedanganya," akasema. "Hapo amedanganya tangu siku ya harusi." Akaanza kucheka, mabega tu, mkono mdomoni, akacheka mpaka machozi yakashuka na hakuyafuta. Kisha akanyoosha mkono nimpe kalamu atie sahihi.

"Mwacheni humo," akasema. "Lakini kwenye hiyo moja, mrekebisheni."